Lebo huru za jazi na swali la masta: wadau wa Mbeya, Iringa na Njombe tukutane hapa

#1 – Mleta uzi (Mbeya)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi ausome jioni. Nataka tuzungumzie lebo ndogo za jazi, yaani kampuni za kurekodi na kuuza muziki, zile zilizoanzishwa na watu wawili watatu wenye mapenzi ya muziki kuliko mtaji, halafu tuulizane huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tunaweza kuchukua nini kwao. Sababu yangu iko wazi: tunao wapuliza tarumbeta, wapiga besi na wapiga kinanda wanaojua kazi, na wengi wao wanazeeka bila rekodi hata moja iliyo mali yao.

Hoja yangu naiweka mapema ili atakayepinga aipinge hiyo. Mimi lebo siipimi kwa wingi wa wasanii wala kwa nyimbo zilizovuma. Naipima kwa swali moja: masta ni ya nani? Masta ni ile rekodi mama, ambayo nakala zote hutolewa humo. Mwenye nayo ndiye anayekula leo na ndiye atakayekula miaka 40 ijayo.

Tuanze na Blue Note, maana hata asiyesikiliza jazi amewahi kuona jina hilo kwenye fulana. Alfred Lion alikuwa Mjerumani wa Berlin aliyehamia New York. Tarehe 6 Januari 1939 aliwaingiza studio wapiga piano wawili, Albert Ammons na Meade Lux Lewis, akafyatua nakala chache za santuri. Alianza na mshirika wake Max Margulis. Mwaka huohuo akafika rafiki yake wa tangu Berlin, Francis Wolff, mpiga picha aliyefanikiwa kutoka Ujerumani ya Hitler. Lion akawa sikio la lebo, Wolff akashika hesabu na kamera.

Kilichowatofautisha na wenzao, kwa maoni yangu, ni kwamba walilipia mazoezi. Mwanamuziki alilipwa siku za kujifunza nyimbo mpya kabla hata mashine haijawashwa. Lebo nyingi ndogo za wakati ule zilikuita, mkapiga nyimbo ambazo wote mnazijua, jioni mmemaliza. Prestige ya Bob Weinstock, iliyoanza 1949, ilijulikana kwa mtindo huo. Sisemi ulizaa muziki mbaya. Mpuliza tarumbeta Miles Davis na kundi lake waliingia studio siku mbili za mwaka 1956, moja Mei na nyingine Oktoba, na siku hizo zikatosha albamu nne ambazo Prestige ilikuwa ikiziachia moja moja kwa miaka kadhaa. Lakini kundi lile lilikuwa limeshaiva jukwaani. Ukitaka tungo mpya zipigwe sawasawa, lazima mtu alipie muda wa watu kukaa pamoja na kukosea.

Halafu kuna fundi mitambo, Rudy Van Gelder. Kazi yake ya mchana ilikuwa kupima watu macho. Alirekodi sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey, mpaka 1959 alipohamia studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Ile sauti ambayo watu duniani kote wanaiita sauti ya Blue Note ilitoka kwenye sebule ya familia! Nawaomba mlikumbuke hilo tutakapofika kwenye vyumba vya huku kwetu.

Na kikosi. Watu walewale walipokezana. Leo Horace Silver ndiye kiongozi na Hank Mobley anampigia saksafoni, kesho Mobley ndiye kiongozi. Lee Morgan alikuwa na miaka 19 alipopuliza tarumbeta kwenye albamu pekee ambayo John Coltrane aliiongoza kwa lebo hiyo, Septemba 1957. Bendi ya mpiga ngoma Art Blakey ilikuwa shule: Freddie Hubbard alipitia hapo, Wayne Shorter alipitia hapo. Mpiga piano Thelonious Monk walianza kumrekodi 1947, santuri zake hazikununuliwa, nao wakaendelea kumrekodi. Mwenye haraka ya faida angemwacha baada ya mwaka wa kwanza.

Naendelea baadaye, wadau mnaweza kuchangia.

#2 – Mdau wa Kihesa, Iringa

Kamwene mkuu. Uzi mzuri, ila umeanzia mbali sana. Iringa hapa tulikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Ilikuwa na mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na kwenye gitaa John Kitime. Miaka ya 1980 nchi nzima iliwajua. Nionyeshe wewe santuri zao ziko wapi madukani. Hapo ndipo nataka tuanzie.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa Kihesa, Tancut ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuuandika uzi huu, na naomba hapa nikae kidogo.

Bendi zetu nyingi za zamani, hata zile zilizojiita Jazz Band, ziliishi kwa mwenye vyombo. NUTA Jazz Band ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Polisi Jazz, kama jina linavyosema. Tancut ilikuwa ya kiwanda. Mfumo huo ulikuwa na heri yake kubwa: mwanamuziki alikuwa na mshahara, gitaa halikuwa la kukodi, na ugonjwa haukumaanisha njaa. Wanaoudharau leo hawajajiuliza nani mwingine angemlipa mpuliza saksafoni mshahara wa mwezi.

Lakini kurekodi kulikuwaje? Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikapiga, tepu ikabaki redioni. Wimbo ukasikika kuanzia Tunduma hadi Bukoba na mwanamuziki akarudi nyumbani na sifa. Waliotaka santuri walivuka mpaka kwenda Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali hukohuko Kenya Januari 1979. Kwa hiyo tepu iko kwa redio, santuri iko kwa kampuni ya nje, vyombo viko kwa taasisi. Mtu aliyetunga na kupiga hana chochote cha kushika mkononi. Taasisi ikiyumba, na viwanda vyetu mnajua vilivyoyumba, bendi inakwenda nayo.

Zanzibara, ule mfululizo wa diski wa Buda Musique ya Ufaransa, una diski nzima ya muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1960. Nashukuru ipo. Lakini naumia kwamba mtoto wa Kihesa akitaka kusikia muziki wa babu yake kwa sauti safi anaupokea kutoka Paris.

Sasa nirudi Blue Note nimalizie, maana mwisho wake una funzo kwa wote wanaodhani wimbo kuvuma ndiyo salama ya lebo. Desemba 1963 Lee Morgan alirekodi wimbo uitwao "The Sidewinder". Ukavuma 1964. Baada yake Horace Silver naye akavuma na "Song for My Father". Lebo ndogo hulipa kiwanda kwanza, kisha hupeleka mzigo kwa wasambazaji kwa mkopo, na msambazaji hulipa anapotaka. Wimbo ukivuma anadai nakala zaidi wakati hujalipwa za mwanzo. Kisha anakwambia, lete nyingine kama ile. Lion alichoka. Katikati ya miaka ya 1960 aliuza kampuni kwa Liberty Records, na 1967 akastaafu. Masta zote zikaondoka na kampuni, zikapita mkono hadi mkono, na leo ziko kwa Universal. Lion aliwatendea wasanii wake vizuri kuliko wengi wa wakati wake, hilo nalishikilia. Wema wake haukuandikwa kwenye mkataba, na mnunuzi hanunui wema.

#4 – Mdau wa Tukuyu

Ndaga fijo mleta uzi. Mimi nimepuliza tarumbeta tangu ujana kanisani, Moravian. Watu wa mbali hawaelewi huku kwetu tarumbeta ni nini. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na kwao Ujerumani kupuliza ni sehemu ya ibada tangu karne ya 18. Alfajiri ya Pasaka tunapuliza makaburini. Harusi tunapuliza, msiba tunapuliza. Tuna besi kubwa, tromboni, na vijana wanaosoma nota vizuri kuliko wanavyosoma gazeti.

Shida ninayoiona ni hii. Kijana akitoka kanisani anataka kujaribu kitu kingine, aachie sauti itembee, acheze nje ya nota. Hakuna pa kufanyia. Akienda studio za mjini anaambiwa mdundo tayari uko kwenye kompyuta, yeye apulize tu sekunde 10 katikati, alipwe nauli. Mwanangu amefanya hivyo. Wimbo ulipigwa redioni mwezi mzima, jina lake halikutajwa popote.

#5 – Mleta uzi

Mzee wangu wa Tukuyu, shikamoo. Ulichokieleza kuhusu kijana wako kinahusu haki mbili ambazo watu wanazichanganya, nami nitazitenganisha kwa mfano wa mtu mmoja: mpiga piano Herbie Hancock.

Mwaka 1962 Hancock alikuwa kijana anayerekodi albamu yake ya kwanza Blue Note. Mpuliza tarumbeta Donald Byrd, aliyekuwa kaka yake kikazi, alimpa angalizo: watakutaka uwape haki za utunzi, usikubali, waambie umeshaziweka kwenye kampuni yako mwenyewe. Wakaziomba kweli. Hancock akakataa, akainuka kuondoka, wakakubali. Mwaka uliofuata Mongo Santamaría akaupiga upya ule wimbo wake "Watermelon Man", ukaingia nyimbo 10 bora za Marekani, na fedha za utunzi zikamfikia mtunzi.

Haki ya kwanza basi ni ya utunzi: muziki wenyewe, melodia, maneno. Ya pili ni ya masta: rekodi ile, siku ile, sauti ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Uingereza liitwalo Us3 lilichukua kipande cha rekodi nyingine ya Hancock, ya 1964, likajenga juu yake wimbo uliovuma. Hapo mwenye masta analipwa na mtunzi analipwa. Hancock alikuwa na moja kati ya hizo mbili kwa sababu kuna mkubwa alimnong'oneza siku moja kabla ya kusaini. Mzee, kijana wako hakuwa na wa kumnong'oneza. Huo ndio wajibu wa kwanza ambao lebo ya huku kwetu ingebeba, kabla ya maikrofoni.

Waliojaribu kushika zote mbili walikuwa wanamuziki wenyewe. Mwaka 1952 mpiga besi Charles Mingus na mpiga ngoma Max Roach walianzisha Debut Records, pamoja na mke wa Mingus, Celia. Ndiyo iliyotoa rekodi ya onyesho la Massey Hall, Toronto, Mei 1953, ambako walipiga na Charlie Parker, Dizzy Gillespie na Bud Powell kwenye jukwaa moja. Haikudumu miaka mingi. Sun Ra na Alton Abraham kule Chicago walikuwa na lebo yao, Saturn: santuri chache, majalada mengine yakichorwa kwa mkono, zinauzwa mlangoni kwenye onyesho.

Iliyonigusa zaidi ni Strata-East ya New York, 1971. Charles Tolliver wa tarumbeta na Stanley Cowell wa piano walikuwa na rekodi ya bendi kubwa, wakazunguka nayo kwenye makampuni, hakuna aliyeitaka. Wakaitoa wenyewe. Kisha wakawaambia wenzao: rekodi kwa fedha yako, leta masta iliyokamilika, masta inabaki yako, sisi tutafyatua, tutasambaza, tutachukua sehemu yetu ya kazi hiyo. Clifford Jordan akaja. Gil Scott-Heron na Brian Jackson wakaja, wakatoa "Winter in America" mwaka 1974. Mtume, yule mwenye jina la Kiswahili, akatoa rekodi ya bendi yake iliyopigwa Brooklyn. Kwa hiyo ukisema kikosi cha Strata-East, unasema watu waliokuja kila mmoja na mali yake.

Huo ndio mfano ninaoutaka Mbeya.

#6 – Mdau wa Mafinga

Mleta uzi nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe kabisa. "Rekodi kwa fedha yako" ni neno zuri New York. Mimi nina bendi ndogo hapa Mafinga, mpiga besi wangu anapakia mbao mchana. Ukimwambia alipie studio siku mbili umeshamfukuza. Halafu hao Strata-East wasanii wao wakubwa walikaa? Gil Scott-Heron si aliondoka?

Afadhali Blue Note iliyolipia mazoezi, hata kama masta ilikwenda. Mtu mwenye njaa hawezi kushika masta.

#7 – Mleta uzi

Mkuu wa Mafinga, umegusa penyewe. Ni kweli, baada ya albamu ile Gil Scott-Heron alikwenda Arista, kampuni mpya ya Clive Davis. Lebo ndogo itapoteza watu namna hiyo na haina haja ya kukasirika. Na ni kweli mzigo wa gharama ulibaki kwa mwanamuziki.

Kuna njia ya katikati, nayo ni kuandika muda. Lebo inalipia mazoezi na kurekodi, inashika masta kwa miaka michache iliyotajwa kwenye karatasi, ikisharudisha gharama zake inagawana faida na msanii, na muda ukiisha masta inarudi kwa aliyepiga. Mpiga besi wako analipwa siku yake kama angekuwa kwenye mbao. Hilo linahitaji mtu mwenye fedha za kungoja, nakubali. Lakini gharama za leo si za 1971. Santuri na diski si lazima. Bandcamp, kwa mfano, ule mtandao wa kuuzia muziki, inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na inayobaki, ukitoa ada za malipo, inakwenda kwa mwenye muziki. Haidai masta.

Na usidhani mifano yote ni ya Marekani. Addis Ababa, 1969, kijana mwenye duka la santuri, Amha Eshete, alianzisha Amha Records wakati haki ya kutoa santuri ilikuwa ya taasisi ya serikali. Alijua anajitia hatarini. Kiwanda hakikuwepo, tepu za mwanzo zikapelekwa India kufyatuliwa. Kikosi chake: Alemayehu Eshete, Mahmoud Ahmed, Mulatu Astatke. Muziki wote ule wa Ethiopia ambao Wazungu waliuzimikia miaka ya 1990 mwishoni, sehemu kubwa ulipita kwa mtu mmoja mwenye duka. Mapinduzi yalipokuja aliondoka nchini.

Afrika Kusini vilevile. Rashid Vally alikuwa na duka la santuri Johannesburg. Lebo yake, As-Shams, mwaka 1974 ilitoa "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim, wakati ule akiitwa Dollar Brand, iliyorekodiwa Cape Town na Basil Coetzee kwenye saksafoni. Katikati ya ubaguzi wa rangi wimbo usio na maneno ukawa kama wa taifa.

Wote wawili walianzia dukani, na hilo si bahati. Mwenye duka anaona mnunuzi anavyosimama, anavyorudi, anavyouliza "ule wa juzi upo?" Duka la santuri la leo huku kwetu ni yule kijana wa Mwanjelwa au Kabwe, hapa Mbeya, mwenye kompyuta na spika, anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi za madereva. Tumezoea kumwita mwizi wa kazi za wasanii. Mimi ningemwita mezani wa kwanza kabisa. Anawajua madereva wa Tunduma wanasikiliza nini usiku kuliko mtu yeyote aliyeko ofisini. Umpe nakala halali, umpe sehemu yake kwa kila flashi, na awe na sababu ya kukwambia ukweli wa mauzo.

#8 – Mdau wa Makete

Wakuu naomba niongeze kitu ambacho watu wetu wengi hawakijui. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York albamu iitwayo "Uhuru Afrika", kwa mpangilio wa vyombo wa Melba Liston. Shairi la uhuru lililomo aliliandika Langston Hughes. Na sauti inayolisoma kwa Kiswahili ni ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Novemba 1960! Sisi wenyewe tulikuwa bado hatujapata uhuru, tulisubiri hadi 9 Desemba 1961. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku ile albamu Afrika Kusini.

Sanga, wakuu. Mtu wa Makete yeyote akisikia jina hilo anasimama. Nilipoisikia mara ya kwanza nilirudia ule mwanzo mpaka mke wangu akauliza kuna msiba wa nani. Kwa hiyo tusizungumze kama jazi ni mgeni anayebisha hodi. Kiswahili kilikuwemo ndani yake, kwa sauti ya mtu wetu, kabla bendera yetu haijapandishwa.

#9 – Mleta uzi

Mdau wa Makete, umenipa zawadi. Nilikuwa naijua albamu ile na Weston wake, lakini sikuwahi kuifikiria kutoka Makete. Asante sana.

#10 – Mwalimu wa muziki, Iringa

Habari zenu ndugu. Mmeongea mikataba vizuri, mimi niongee chumba, maana ndiko lebo nyingi hufia.

Tarumbeta si gitaa la umeme. Inahitaji hewa na urefu wa dari. Ukiipulizia kwenye kibanda kilichozibwa kwa magodoro, inakufa, inasikika kama redio ndogo. Kanisa nalo lina mwangwi mrefu, ngoma zikiingia zinavurugana. Chumba kizuri ni cha kati: ukumbi wa shule, sebule kubwa ya nyumba ya zamani yenye sakafu na dari ya mbao. Nyumba hizo Iringa zipo, Mbeya zipo, Tukuyu zipo. Wapigaji wakae chumba kimoja wakitazamana, maikrofoni chache, wapige pamoja mwanzo hadi mwisho. Ukirekodi kila chombo peke yake kwa zamu unapata usahihi na unapoteza mazungumzo, na jazi ni mazungumzo.

Pili, majira. Juni na Julai baridi ya kwetu inashusha sauti ya shaba. Tarumbeta ikipoa inakwenda chini ya piano, na mpulizaji akilazimisha midomo inachoka saa ya kwanza. Novemba hadi Aprili mvua inapiga mabati, Tukuyu ndiyo kabisa. Kwa hiyo wenye nia wajipange Septemba au Oktoba: kumepata joto, mvua bado. Na mazoezi yaanze Agosti. Nakubaliana na hao wa Blue Note, mazoezi yalipwe.

Tatu, wasichana. Kwenye shule zetu na kwaya zetu wapuliza wa kike ni wengi siku hizi na wana pumzi. Wakiolewa wengi wanaacha kwa sababu kazi ni ya harusi za usiku na safari. Studio ni kazi ya mchana. Lebo ikiwa na akili itawapata hapo.

#11 – Mdau wa Kihesa, Iringa

Mwalimu umemaliza, dari ya mbao naijua moja hapa Gangilonga, nitauliza mwenye nyumba.

Mleta uzi swali moja la sheria. Hawa wa matarumbeta watapiga tenzi. Tenzi ni za kanisa. Je, si tutaingia kesi?

#12 – Mdau wa Tukuyu

Hata mimi swali hilo nilikuwa nalo. Na wazee wa kanisa watakubali tenzi zipigwe kijazi?

#13 – Mleta uzi

La sheria kwanza. Melodia nyingi za tenzi tunazoimba ni za karne ya 18 na 19, watunzi wake walishafariki zamani na muda wa kulindwa umepita. Tafsiri ya Kiswahili ya maneno ni jambo jingine, inaweza kuwa na mwenyewe, lakini sisi hatuimbi, tunapuliza. Mpangilio mpya mtakaoufanya, nani anaingia wapi, sauti ya pili inatembeaje, huo ni kazi yenu na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda. Kila mpangilio uandikwe nota, uwekwe jina la aliyeupanga, usajiliwe Ofisi ya Hakimiliki kabla haujatoka nje ya chumba. Msiseme tutasajili baadaye.

La wazee wa kanisa, mzee wangu, nakuachia wewe maana unawajua. Ninachoweza kusema ni kwamba jazi yenyewe ilikulia kwenye bendi za matarumbeta New Orleans, zilizosindikiza jeneza kwa tenzi za taratibu na kurudi kutoka makaburini kwa mwendo wa kuchangamka. Mtu wa Rungwe anayepuliza alfajiri ya Pasaka akisikia hilo hatahitaji maelezo marefu. Waombeni baraka mapema, waalikeni mazoezini wasikie, wasije wakasikia kwanza kwenye flashi ya bodaboda.

Mkuu wa Mafinga, naona umekaa kimya. Rasimu ya mkataba nitaiandika kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa zisizidi mbili: malipo ya mazoezi kwa siku, miaka ambayo lebo inashika masta, hesabu kuonyeshwa kila baada ya miezi sita, jina la kila mpigaji kutajwa popote kazi inapotokea, na tarehe ya masta kurudi. Nitaiweka hapahapa, nawe na mpiga besi wako muwe wa kwanza kuikosoa. Wakili yeyote anayesoma uzi huu aipitie, tutashukuru.

Kikosi cha kuanzia nadhani kisizidi makundi matatu. Matarumbeta ya Tukuyu yakiongezewa besi na ngoma. Bendi ya Mafinga. Na kundi la wasichana wa Iringa kama mwalimu atalikusanya. Wapigiane kwenye rekodi za wenzao kama walivyofanya kina Mobley na Silver, ili mpiga besi wa Mafinga alipwe mara tatu badala ya moja.

Mdau wa Kihesa, ukimpata mwenye nyumba wa Gangilonga muulize mambo mawili: umeme unakatika mara ngapi kwa wiki, na kama jirani ana mashine ya kusaga.